Siku Mama Alipotembea Haraka

Samahanini kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Ila kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, na kunyamaza kwangu ndiko kulikotufikisha hapa.

Mama yangu ni mgonjwa wa moyo. Valvu moja ilikuwa haifungi vizuri, damu ikawa inarudi nyuma. Tunakaa upande wa Kaengesa, tunalima mahindi na ulezi. Kwetu mwanamke anajulikana kwa matuta yake. Anafukia majani kwa udongo, anapandisha tuta la mviringo, na jirani akipita njiani anayahesabu. Misimu miwili ya mwisho matuta ya mama niliyalima mimi. Yeye alikaa ukingoni ameshika jembe, ili mtu akimwona amwone na jembe.

Baba alishafariki. Baba mdogo ndiye aliyeuza maksai wetu wawili, tukapanda basi kwenda hospitali kubwa ya mbali. Asubuhi ya vipimo alimwambia mama, "Shemeji, wakikuona umelegea watakurudisha nyumbani. Tembea kama mzima."

Mama akacheka. "Basi nipe na jembe niwalimie hapo koridoni."

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimwomba mama atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, huku yeye anaangalia saa. Mama alikaza kitenge akatembea haraka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalifuta kama anajikuna.

"Mama, kazi za nyumbani unafanya mwenyewe?"

"Nalima, daktari. Matuta yangu yote."

Daktari akanigeukia. "Kweli, mdogo wangu?"

Niliangalia viatu vyangu, nikaitikia kwa kichwa.

Sisi tulidhani ule ni mtihani, na anayefeli anapoteza nafasi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mgonjwa aliyedhoofika huweza kulishwa kwanza na kufanyishwa mazoezi kidogo kidogo, ndipo apasuliwe. Hilo ndilo daktari alilokuwa analitafuta.

Basi mama akapasuliwa hivyo hivyo. Valvu ilitengenezwa vizuri, mwili ndio haukuamka. Waliopasuliwa wiki ile ile walitoka, mama akabaki. Mapafu yakaugua, miguu ikakataa kumbeba. Kila asubuhi nilipewa karatasi nyingine ya malipo: kitanda, oksijeni, sindano. Pesa ya maksai ikaisha. Baba mdogo akauza plau, kisha shamba la bondeni.

Siku moja nesi alikuwa anamgeuza mama, akashika kiganja chake akakitazama. "Binti, si mlisema mama analima? Mkono huu haujashika kazi siku nyingi."

Hakusema kwa ubaya. Nilificha mikono yangu chini ya kanga, kwa sababu yangu ilikuwa na sugu.

Sasa tumerudi nyumbani. Mama ananyweshwa uji kwa kijiko, na akikaa lazima nimwegemeze ukutani. Tarehe ya kurudi kliniki imepita, nauli hatuna. Baba mdogo akija anasimama mlangoni, anauliza kama amekula, anaondoka. Tulimwua mama kwa kutaka apone, hivyo ndivyo ninavyowaza, ingawa bado anapumua. Juzi nilianza kumwomba msamaha akanikatiza, "Acha mwanangu. Ningekuumbua mbele ya daktari kama ungesema silimi." Afadhali angenitukana.

Kila siku ananiuliza atasimama lini. Namwambia mvua zikianza.

Wewe unayesoma, kama ulipasuliwa moyo ukiwa dhaifu, au ulimuuguza mtu wa namna hiyo, naomba uniandikie. Niambie alisimama baada ya muda gani, na mlimlisha nini. Nitajibu, ingawa nitachelewa. Na kama hakusimama niandikie hata hivyo, ili niache kumdanganya.