Kabichi za Januari katika Bonde Lililokauka

Saa nane mchana, Ijumaa ya katikati ya Januari 1976, jua limesimama juu ya kijiji cha Sironga na hakuna anayebishana nalo. Watu wako kivulini. Ng'ombe wako kivulini. Drusilla Nyanchera yuko bondeni, amepiga magoti kwenye udongo wa moto, anafunika miche ya kabichi mmoja mmoja kwa maganda ya shina la mgomba.

Kila ganda analipinda kama paa la kibanda na kulisimamisha upande wa magharibi wa mche, jua la alasiri lisiuchome. Kisha anasogea kidogo kwa magoti na kuanza tena. Miche ni mia tatu na kumi na miwili. Aliipandikiza Jumatatu jioni.

"Najua huu si wakati wa kupanda," anasema bila kuinua uso. "Hata watoto wananicheka njiani. Lakini ukingoja mvua upande na wengine, utavuna na wengine, na sokoni utauza kwa kubembeleza."

Hajakosea. Kabichi ikipandikizwa Januari huvunwa Aprili, kiangazi kikiwa kimeshamaliza mboga zote na majirani ndio kwanza wanapalilia mahindi. Mwaka 1968 aliuza kabichi moja kwa shilingi nzima katika soko la Nyamira. Julai, kila mtu akiwa na kabichi, iliyolingana na hiyo haikufika senti thelathini.

Drusilla, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, hakusomea kilimo popote. Alifundishwa na mama mkwe wake, marehemu Kemuma, alipokuja hapa akiwa bibi harusi mwaka 1947. Wakati huo bonde lilikuwa laini. Ukikanyaga na kuinua mguu, alama ya unyayo ilijaa maji. Katika Januari kama hii, nyasi za juu zikiwa zimegeuka rangi ya kamba, Kemuma alikuwa chini huku akichuma mgagani, ile mboga chungu ambayo Wagusii huiita chinsaga, na kabichi baadaye zilipokuja alizipanda papo hapo.

"Mama mkwe hakuwahi kumwagilia maji," anasema Drusilla. "Hata kikombe. Sisi ni Wasabato. Jumamosi tulikwenda kanisani tukaimba, tukarudi jioni, mboga zimesimama vilevile. Bonde lilifanya kazi sisi tukiwa tumepumzika."

Leo bonde halifanyi kazi ya mtu yeyote. Hatua thelathini kutoka kwenye miche yake imesimama mikaratusi sitini, mirefu, myeupe, iliyonyooka kama askari kwenye gwaride. Chemchemi ya bonde ilikuwa katikati yake. Sasa pale kuna shimo lenye majani makavu.

Aliyeipanda miti hiyo ni Drusilla mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1967. Mashamba yalikuwa yamekwisha kupimwa, na kipande hiki cha bondeni kikaandikwa jina la mumewe, Machogu, ambaye alikuwa akifanya kazi Kericho katika shamba la chai na kuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Drusilla alimwona jirani akiuza nguzo za mikaratusi na kuezeka nyumba kwa mabati. Akaenda Nyamira kwa miguu, akanunua miche sitini, akaileta kichwani ndani ya kikapu.

Kemuma, ambaye tayari alikuwa akitembea kwa fimbo, alimkuta akichimba mashimo kuizunguka chemchemi.

"Miti hii itakunywa nini?" aliuliza.

"Maji ni mengi, mama," Drusilla akajibu. "Yatawatosha wote."

Anapofika hapa katika kusimulia, mikono yake inaacha kazi. "Alinyamaza. Laiti angenigombeza. Angenipiga hata na ile fimbo. Lakini yeye hakuwa mtu wa maneno, na mimi nilikuwa na furaha sana. Niliona mabati tu."

Wala tusimtwike lawama yeye peke yake. Tembea kuanzia hapa hadi uliko mto na uhesabu mabonde yaliyojazwa miti hii. Kila aliyeipanda alisifiwa. Kila aliyeacha bonde wazi aliitwa mvivu. Tulipigiana makofi huku maji yakiondoka chini ya nyayo zetu, na sasa wanawake ndio wanaolipa kwa shingo zao.

Januari tatu za kwanza hakuna kilichobadilika. Mwaka 1972 chemchemi ikawa dimbwi la tope. Mwaka uliofuata Kemuma akafariki, na miezi yake ya mwisho alinyweshwa maji ya mto, yeye aliyekunywa chemchemi ile tangu alipoolewa. "Aliyaonja tu akarudisha kikombe," anasema Drusilla. "Hakusema ni maji ya wapi. Alijua."

Sasa, kwa miche hii, Drusilla hubeba maji mtoni, debe moja kichwani, dakika kumi kushuka na robo saa kupanda. Siku ya kawaida ni madebe saba. Ijumaa ni kumi na manne, kwa sababu jua likizama Sabato inaingia, na tangu hapo mpaka Jumamosi jioni hatachota wala hatamwaga. Miche michanga lazima ivuke siku hiyo nzima kwa maji ya jana yake. Mwaka jana haikuvuka. Alipanda Januari na hakuvuna hata kabichi moja. Hii ya mwaka huu ndiyo karo ya binti yake wa mwisho katika muhula wa pili, na Drusilla amesema ikifa, hatapanda tena Januari.

Saa kumi na moja, akiwa kwenye debe la kumi na mbili, anapita Esnah, mke wa mdogo wa Machogu. Esnah ni Mkatoliki, na mdomo wake hauna likizo.

"Mama Mogaka, utavunjika shingo. Kesho niache nimwagilie mimi. Mungu wangu Jumamosi hana neno nami."

"Na Jumapili?"

"Jumapili utanimwagilia mimi. Tutawachanganya huko juu, wasijue kabichi ni za dhehebu gani."

Drusilla anacheka mpaka maji yanamwagika begani. Kisha anatikisa kichwa. "Mkono utakuwa wako, Esnah, lakini kabichi ni zangu. Amri imemtaja hata mgeni aliye nyumbani kwako."

"Mimi si mgeni. Nimekaa hapa miaka ishirini."

"Basi pumzika nawe."

Esnah anakwenda zake akinung'unika kwamba kabichi hazijabatizwa. Drusilla anamalizia debe la kumi na nne jua likiwa limebaki ukingo tu juu ya kilima. Anaosha miguu, anapanda nyumbani, hatazami nyuma.

Jumapili asubuhi yuko bondeni mapema. Miche mingi imesimama. Lakini mistari miwili imelala chini kama nyuzi zilizochemshwa. Anahesabu mara mbili. Arobaini na saba.

Kisha anatazama tena, na safari hii anatazama mahali, si idadi. Mistari miwili iliyokufa ndiyo iliyo karibu na miti. Mistari ya juu ilikaa Sabato ileile, chini ya jua lilelile, na iko hai.

Anachukua jembe na kuchimba pale palipokuwa na mche. Kiasi cha shibiri moja chini, jembe linanasa. Anapiga magoti na kufukua kwa vidole. Ni mzizi wa mkaratusi, mwekundu, mnene kama kidole gumba, na kutoka kwake vimetoka vizizi vidogo kama nywele, vyote vikiwa vimeelekea pale alipokuwa akimwaga maji.

"Mwaka mzima nimemlalamikia Mungu," anasema taratibu. "Nilisema amenipa siku ya kupumzika inayoua mboga zangu. Kumbe nilikuwa nabeba maji kuinywesha miti."

Mwanawe wa kwanza, Mogaka, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, ameshuka kuona kilichomchelewesha mama. Yeye ana hesabu yake na mikaratusi hiyo. Anataka kujenga nyumba yake kabla ya kuoa, na wakwe watarajiwa wameshauliza mara mbili nguzo zimefikia wapi.

"Kata," mama yake anamwambia. "Kata hata kesho. Ila nataka na visiki ving'olewe."

"Visiki vya nini tena, mama? Kisiki cha mkaratusi ni ng'ombe wa maziwa. Unakata, kinachipua, miaka sita una nguzo nyingine. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Ndiyo. Nilikufundisha."

Drusilla anakata kipande cha ule mzizi kwa jembe. Anamnyooshea kile kipande cha mzizi, na kijana anakipokea, anakigeuza, anavitazama vile vizizi vyenye tope bichi katika bonde ambalo halina tope kwingine kokote.

"Baba atasema nini?" anauliza hatimaye.

"Baba yako hakupanda hata mmoja. Akija Pasaka nitamwambia mimi. Wewe niambie utasema nini, maana ni wewe utakayeoa na kumleta mtu hapa, na yeye atauliza maji yako wapi."

Mogaka anasema atakata miti ishirini ya upande wa chemchemi mwezi ujao, na visiki vyake atavichimba, miti mingine ibaki kwanza. Drusilla angependa yote sitini. Anakubali ishirini.

Hajui kama maji yatarudi. Wazee aliowauliza wanatofautiana. Mmoja anasema miaka mitano, mwingine anasema maji yakishaondoka hayana deni na mtu. Yeye amepanga hivi: miche mia mbili sitini na mitano iliyobaki ataihamishia maji yake yote, na akiivusha hadi Aprili, baada ya karo ya binti, atalipa vijana wawili kusaidia kung'oa visiki. Pembeni mwa lile shimo atapanda mgagani, kwa sababu hauhitaji maji mengi, na kwa sababu ndio mama mkwe aliokuwa akiuchuma pale.

"Nikimpata mkamwana," anasema akiokota debe, "nitamleta hapa siku ya kwanza nimweleze nilichofanya. Asije akaona aibu kunigombeza."

Kisha anashuka mtoni. Leo ni madebe saba.