Wote Tumechaguliwa

Juzi, kwenye kijiwe cha bodaboda Kimamba, bibi mmoja mwenye tenga la kuku alikuwa akiwahi treni. Mwenyekiti wa kijiwe akamwita dereva wa mbele, "Mpeleke bibi, ni zamu yako." Katibu wa kamati ya kijiwe, ambayo huchaguliwa kando na mwenyekiti, akaweka mguu mbele ya gurudumu.

"Kamati imefuta zamu. Abiria anachagua mwenyewe."

"Mimi nilichaguliwa na madereva wote!"

"Kwani kamati tulichaguliwa na mama zetu? Ni madereva hao hao."

"Huniondoi mpaka muda wangu uishe."

"Na wewe hutuondoi, kaka."

Honi ya treni ikasikika kwa mbali. Bibi akampakatisha mwenyekiti lile tenga juu ya pikipiki yake, kisha mwenyewe akapanda ya katibu. "Twendeni, wajukuu zangu. Mtagombana stesheni."

Treni aliiwahi.

Kabla sijaacha shule tulifundishwa kwamba rais tunamchagua sisi, na wabunge tunawachagua sisi. Sikuwahi kuuliza itakuwaje wakivutana, kila mmoja akisema katumwa na sisi. Sasa najibu kama bibi: ukichagua wawili, mpe kila mmoja mzigo wake, na uwaharakishe.