Tumbawe Jeupe la Tunduma

Nilikuwa bwana mifugo Vwawa, na jana yake tu nilikuwa nimerudi kutoka Kamsamba kuchanja ng'ombe, nilipoitwa Tunduma kwenda kutibu kitu ambacho mimi ningekiita jiwe.

Aliyeniita alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa amenunua tangi la kioo kwa mgeni mmoja aliyehama Lusaka. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, samaki wawili na tumbawe hai. Bahari ikawa imefika Tunduma ikitokea upande usio na bahari, na pale mpakani hakuna aliyejua aiandike kama mfugo au kama fenicha.

Mwenye nyumba hakuona ugonjwa wowote. Alinieleza kwamba tumbawe lilikuja likiwa na rangi ya ugali wa ulezi, na sasa, kwa matunzo yake, lilikuwa jeupe pe. Wageni wote walilisifu. Alikubali niitwe ili mkewe atulie.

"Halitoi tena vidole," mkewe alisema taratibu. "Zamani ikifika jioni linavitoa, vinachezacheza majini. Sasa mwezi mzima limejifunga."

Chuoni sikufundishwa matumbawe, lakini kwa kuwa walikuwa wameshaniita daktari mara tatu, niliona aibu kusema. Nikafungua mkoba, nikatoa kipimajoto cha ng'ombe, nikakitumbukiza kwenye maji. Kipimo kile huanzia kwenye joto la mnyama, kwa hiyo zebaki haikusogea hata kidogo. Mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba nimesoma mengi.

Nikauliza kama ninavyouliza zizini: linakula nini, lilianza lini, mmebadilisha nini? Mke alijua yote. Mume alijua lilivyosafirishwa.

Mwishowe nikatoka uani, nikampigia simu rafiki niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya bahari huko pwani. Alicheka sana. Alipomaliza akaniuliza kama lina nyama bado au ni mfupa mtupu. Nilirudi ndani, nikaifungua simu sauti ili wote wasikie, nikamulika kwa tochi. Juu ya ule weupe palikuwa na ngozi nyembamba, angavu, kama utando wa yai.

"Basi halijafa," rafiki yangu akasema nilipomweleza. "Limepoteza vijimea vya kahawia vinavyoishi ndani yake na kulilisha, ndiyo maana linaonekana jeupe. Maji yakipungua mnaongeza nini?"

Mwenye nyumba alijibu kwa fahari kwamba yeye mwenyewe huongeza maji ya chumvi, tena kila siku, maana bahari ni chumvi. Rafiki yangu akaeleza kwamba yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Mke akaenda kwenye droo, akaleta kipima chumvi kilichokuja na tangi, kikiwa bado kwenye karatasi yake. Kilielea juu kabisa, kupita alama zote. Kumbe tumbawe lilikuwa likitiwa chumvi kama samaki wa kukausha.

Dawa ilikuwa maji ya mvua. Mke alitoa kikombe cha maji ya tangi, akarudisha kikombe cha maji ya mvua, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa, kwa sababu tuliambiwa tukiharakisha tutaliua. Aliteremsha pia pazia, jua la dirishani lisilichome.

Nilirudi baada ya miezi mitatu. Tawi moja lilikuwa limekufa, limeota utelezi. Mengine yalikuwa ya kahawia, na vidole vyake vilikuwa nje, vikicheza. Nimeokoa ng'ombe wengi, lakini sikumbuki ng'ombe aliyenifurahisha vile. Mke alisimama kando yangu, akitabasamu.

Mwenye nyumba aliingia, akainama kulitazama.

"Daktari," akasema, "umelichafua."

Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni ya kweli. Wiki ile ile alivuka mpaka kwenda Nakonde akanunua tumbawe la plastiki, jeupe kama chokaa, akaliweka sebuleni ndani ya tangi jipya la maji ya bomba. Lile hai mkewe alilihamishia chumba cha nyuma, ambako hakuna mgeni aliyeingia, na kila jioni alikuwa akikaa nalo kwenye kigoda, akimenya karanga.