Bwana Harusi wa Torati na Mkono wa Fishl

Asubuhi ya sikukuu ya kuifurahia Torati, sinagogi la mji wa Zabrodna lilitikisika. Wanaume walizunguka wakicheza na magombo ya Torati vifuani, wakiimba mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na watoto wakipenya katikati ya miguu yao. Kucheza kule hakupo tena. Siku hizi watu hupiga makofi kama waliokodiwa.

Getzel, muuza mbao, ndiye aliyechaguliwa kuwa Bwana Harusi wa Torati, mwenye heshima ya kuitwa mbele zinaposomwa aya za mwisho za Torati. Alianza maisha akizoa unga wa msumeno. Leo alivaa joho la hariri, na mji mzima ulikuwa unampa mkono.

"Hongera, bwana harusi! Ulivyopendeza, mkeo atataka mahari ya pili."

Mji mzima, ila Fishl, mchochea kuni wa bafu la umma. Fishl alikuja mbele yake akirukaruka, akageuza bega, akapita. Mkono wa Getzel ukabaki hewani, na asali yote ikaingia shubiri.

"Kila mtu amekupongeza, shemeji," alimnong'oneza Anshel, ndugu wa mkewe, "nawe unamlilia mchochea kuni?"

"Amenipita kama nguzo."

"Basi kuwa nguzo, utulie. Karibu unaitwa."

Alijaribu kutulia. Lakini kila mkono aliopewa aliuona wa baridi, na macho yake hayakumwacha Fishl. Fishl alipotoka uani kupunga upepo, Getzel naye akatoka.

"Fishl, nimekukosea nini?"

"Wewe? Hata kidogo."

"Mbona hukunipa mkono?"

"Sikukuona, Bwana Getzel."

Lingekuwa tusi, angelimeza. Lakini kutoonekana, na joho lile!

"Mimi? Mimi hukuniona?"

"Wewe ulisimama, bwana. Sisi tulikuwa tunacheza."

Ndani, mwitaji akapaza sauti: "Asimame, asimame, asimame Getzel mwana wa Nute, Bwana Harusi wa Torati!" Akaita tena. Torati iliyofunguliwa haimngoji mtu. Wakamsukuma Anshel mbele badala yake.

Getzel alipofika mlangoni, lozi na peremende za kumtunza bwana harusi zilikuwa zikinyesha juu ya kichwa cha Anshel. Ghorofani kwa wanawake, mkewe Henia, ambaye macho yake hayakufika mbali, alimwaga mfuko mzima huku akilia kwa furaha.

Fishl akamshika Getzel mkono. "Twende tucheze, bwana. Bado wanaimba."

Mkono wenyewe ndio huo, wa moto, mgumu kama gogo. Getzel akauchomoa wake, akabaki kizingitini, akiwakagua wachezaji mmoja mmoja, aone nani mwingine hajamtazama.