Kabati la Harusi ya Neema

Haya, nichekeni mbele yangu, kwa maana nimechoka kusikia aibu yangu ikisimuliwa kisimani na watu ambao hata hawakuwapo, kila mmoja akiongeza chumvi yake, wakati chumvi iliyokuwamo ilitosha kabisa.

Nilikuwa nimepanga chumba Mbarara, upande wa Kakoba, nauza samaki wakavu sokoni, na asubuhi nafulia nguo mama mmoja tajiri. Kwa huyo tajiri makabati yote yameingia ukutani, hayana miguu. Nikajiambia kumbe kabati lenye miguu ni la maskini (hakuna aliyeniambia hivyo, nilijifundisha mwenyewe). Na chumba changu kilikuwa na pembe iliyoingia ndani, kama mjenzi alianza kitu akaghairi. Nikamwita Bahati, fundi wa kwetu Kivu mwenye karakana yake Kashojwa, kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Akapima, akauliza, "Mama, unapenda ya kusimama ao ya kukamata ku ukuta?"

Nikasema ya ukutani. Neno moja tu, na humo ndimo nilimotumbukia. Bahati akaeleza mambo mengi kuhusu ukuta na kupunguza mbao, na mimi nilikuwa naitika ndiyo, ndiyo, huku macho yako dirishani naangalia ni jirani gani ananiona nikiongea na fundi. Akanitengenezea milango miwili ya mbao nyekundu, mmoja una kioo kirefu, ndani rafu, na rangi ya mbao akaipaka mpaka nyuma kabisa. Jamani, lilipendeza. Nilikuwa nalifungua hata kama sina cha kutoa.

Sasa binti yangu Neema akapata mchumba huko huko Kashojwa. Siku ya kuzungumzia mahari, mama wa kijana akauliza kwa heshima (lakini kwa yale macho ya mama mkwe) mtoto ataingia na nini. Kwetu binti haendi mikono mitupu. Ningesema sufuria na godoro, na hakuna ambaye angekufa. Nikasema kabati. Kabati la Mbarara, la milango miwili, lenye kioo. Neema alinifinya chini ya kitenge na mimi nikajifanya ni kiroboto. Kijana wa watu akarudi kwake, akavunja mlango wa nyumba yake ya udongo ili aupanue, kabati lipite.

Jumamosi ya kulichukua, wakwe wakaja na lori. Mama mkwe, mashangazi wawili, akina mama wa kwaya wakiimba tangu barabarani. Bahati naye yuko na nyundo yake. Mara mama mwenye nyumba akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyinyi mnatoa nini? Hiyo kitu iliingia kwa ukuta, ni ya nyumba."

Niliwaka. Nakivale mtu akihama anang'oa mabati yake, dirisha lake, mpaka mlango, anabakiza udongo peke yake. Nani amewahi kusikia nyumba inameza kabati la mtu? Nikasema nilikimbia vita nikaacha ng'ombe na shamba, sitakimbia tena niache kabati. Sentensi hiyo niliipenda sana. Wapangaji wakapiga makofi, kwaya ikasema amina, nami nikairudia kwa sauti zaidi. Mtu akaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa.

Tukiwa tunamngoja, Bahati akanivuta pembeni, jasho linamtoka. "Mama Neema, tuache tu hii mambo. Nitamutengenezea mutoto ingine."

Nami, Mungu anisamehe, nikadhani amehongwa. Tena sikusema polepole. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba amekula hongo ya mwenye nyumba ili amwibie mjane wa kwao. Bahati aliangalia nyundo yake.

Mwenyekiti akafika, akasikiliza pande zote mbili, akakata kesi. "Kabati ni ya huyu mkimbizi. Ukuta ni ya huyu maama. Kila mtu achukue yake."

Vigelegele! Nilicheza, wenzangu, nilicheza pale uani kama nimerudishiwa shamba. Bahati akaingia, na watu wote wakajaa mlangoni na dirishani kuona haki yangu ikitoka. Ulitoka mlango wa kwanza. Ukatoka wa pili na kioo chake. Zikatoka mbao nne za kuzunguka milango, zikatoka rafu. Halafu Bahati akaokota misumari, akasimama. Sisi tukawa tunangoja kabati.

"Mama Neema," mama mkwe akauliza, "kabati iko wapi?"

Ndani ya ile pembe kulikuwa na ukuta. Ukuta wa mama mwenye nyumba, umepakwa rangi ya mbao.

Bahati akajibu polepole, "Ukuta ndiyo ilikuwa mugongo yake. Na mbavu pia. Nilimuambiaka."

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini, akawaeleza majirani kwa Kinyankore, na sikuhitaji mkalimani. Mwenyekiti naye, kwa vile ukuta ni wa huyu maama, akaamuru niurudishe weupe wake kabla ya kuondoka. Nikapaka rangi, nguo za sherehe mwilini, wakwe wakinisubiri kwenye lori, na kwaya, kwa mara ya kwanza tangu niijue, haikuwa na wimbo. Neema akaja akanipokonya brashi akamalizia yeye, bila kuniangalia. Nilitamani hata anitukane. Mama mkwe ndiye aliyesema, tena kwa upole, na upole wake bado unanichoma:

"Sisi tulivunja mulango."

Harusi ilifungwa, nashukuru. Bahati nilimwomba radhi. Alikubali kwa mdomo, ila samaki wangu hanunui tena. Na ile milango? Kijana wa watu alikuwa na tundu kubwa mbele ya nyumba na mvua inakuja, akaifunga pale. Ndiyo mlango wa nyumba yao mpaka leo, na mama mkwe akipata wageni anawaambia karibuni kabatini.

Nimeapa: chochote kitakachoazima ukuta wa mtu, sitakiita changu, na sitamwahidi mkwe hata kijiko kabla sijakigeuza nikaona mgongo wake. Lakini kiapo hakisaidii nikienda kumtembelea mwanangu. Kioo kiko nje, kinatazama njia, kwa hiyo kabla sijabisha hodi kwa Neema, lazima kwanza nijitazame mwenyewe.