Madabodi Mpya, Windo Ileile

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Karatu, kimebanana na saluni ya dada mmoja kutoka Arusha. Aliniita Mangi, kama wanavyoitwa Wachagga wote wenye duka, hata duka lenyewe likiwa na meza moja tu. Ugonjwa mkubwa wa kompyuta za kwetu ulikuwa vumbi, lile jekundu la barabarani linaloingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Na kila mtu alikuwa na dawa yake moja: unapeleka kompyuta kwa wajaza upepo wa matairi, wanaipuliza kwa kompresa ileile ya magari ya watalii, unarudi nayo inang'aa. Nililaani tabia hiyo kila siku na hakuna aliyenisikia.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa imeshika kweli, alikuja mwalimu mmoja wa Rhotia, mama wa makamo, ameifunga kompyuta yake kwa kitenge. Ilikuwa na tabia ya kujizima ikipata joto. Aliona si heshima kumletea fundi kitu kichafu, kwa hiyo alipitia kwanza kwa watu wa matairi wakaipiga upepo. Alinieleza hilo kwa fahari kidogo, kama mgonjwa aliyeoga kabla ya kwenda hospitali.

Nikafungua kasha. Matone ya maji yalikuwa yametapakaa juu ya madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vitu vingine vyote. Kwa baridi ya Karatu tangi la kompresa hukusanya maji, na maji hayo hutoka pamoja na upepo. Nikamuuliza kama waliiwasha. Akasema ndiyo, walitaka kuhakikisha imepona. Ikawaka kidogo, ikanuka, ikazima.

Nilifoka, sifichi. Nikamfokea yeye, nikawafokea watu wa matairi ambao hata hawakuwepo. Kisha nikajituliza, nikamwambia asijali: nitaagiza madabodi nyingine Arusha, nitapiga windo upya, ile programu inayoiendesha kompyuta, kazi imekwisha. Ndivyo tulivyofanya mafundi wote siku zile. Mtu akija na tatizo lolote, unafuta kila kitu na kupiga windo.

Mwalimu akaketi bila kukaribishwa. Akasema humo ndani kuna sauti ya mama yake. Kwa karibu mwaka mzima bibi huyo alikuwa amemsimulia hadithi za Kiiraqw, lugha ya kwao, na kumwimbia nyimbo za zamani, naye akamrekodi kwa maikrofoni ya kompyuta. Halafu bibi akapata kiharusi. Yu hai, anakula, anatambua watu, lakini tangu siku hiyo hajatamka neno. Na zile rekodi mwalimu alikuwa amezifunga kwa kufuli la kompyuta yenyewe, mtu mwingine asizifungue.

Nilichomoa hadidisk, sehemu inayotunza mafaili, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Majina ya mafaili yalionekana vizuri, na kila nililobonyeza lilinijibu kwamba sina ruhusa. Ufunguo wa kufuli lile ulikaa ndani ya windo yake, basi. Nikipiga windo upya, nafuta ufunguo, na yule bibi ananyamaza moja kwa moja.

Ilibidi nibadilishe madabodi na windo ibaki ileile. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Windo iliyozoea ubao mmoja, ukiihamishia kwenye ubao wa aina nyingine, inashindwa kuifikia hadidisk, inakutupia kioo cha bluu na kugoma. Kuna njia ya kuiandaa: unaingia ukiwa bado kwenye ubao wa zamani, unaiambia itumie draiva ya kawaida, yaani programu ndogo ya kuifikia hadidisk, inayokubaliwa na kila ubao, ndipo unahama. Lakini ubao wa zamani ulikuwa umekufa.

Nikairudisha hadidisk mahali pake, nikaenda kuazima draya ya saluni nikaanza kuukausha. Ulipopata moto wa kutosha, kompyuta ikawaka. Ulipopoa, ikazima. Nikauchemsha tena, mwalimu akaandika neno lake la siri, nikajaribu kunakili zile sauti moja kwa moja. Zilikuwa nzito mno. Faili la kwanza halijafika hata nusu, kompyuta ikazima ghafla, na hadidisk ikatoa mlio mkavu nilioujua vizuri. Kuzimika namna ile mara kadhaa kunaweza kuiua kabisa, na hapo hata ufunguo hausaidii kitu. Niliogopa.

Nikaamua kwamba tutaacha kunakili, tutajaribu kuweka ile draiva ya kawaida, mara moja tu. Dada wa saluni alishika draya, mwalimu akakaa kwenye kibodi, mimi nikashika mausi. Ikawaka. Mwalimu akaandika neno la siri, akakosea. Akaandika tena. Nikaingia, nikatafuta mahali pa draiva, na kila dirisha lilifunguka kwa uvivu wa ajabu.

"Mangi, draya yangu inanuka," dada akasema.

"Ishike hivyohivyo."

"Ikiungua utaninunulia?"

Nilibonyeza draiva ya kawaida, windo ikafikiri, ikakubali, ikaniuliza kama niiwashe upya. Nikakataa, nikaizima mwenyewe kabla ubao haujaizima kwa nguvu. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni na baridi yote ile.

Madabodi ilifika na basi la Arusha kesho yake, ya mtumba, wala si ya aina moja na ile ya kwanza. Nikaifunga mwalimu akinisimamia, amekuja tangu kibanda hakijafunguliwa. Nikawasha. Nembo ya windo ikatokea ikakaa palepale, ikakaa mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Ndipo ikafunguka, picha zake zimevimba na rangi zimechujuka, lakini imefunguka. Mwalimu akaandika neno la siri. Kufuli likamkubali. Akachagua rekodi moja akaibonyeza.

Alama ya muda ikaanza kusogea, na hatukusikia kitu. Nikaongeza sauti ya spika. Kimya. Mwalimu akaangalia ile alama ikitembea.

"Amenyamaza hata humu," akasema.

Maneno hayo yalinichoma. Nilihitaji dakika nzima ya aibu kukumbuka jambo dogo: sauti ya kompyuta hutoka kwenye madabodi, na windo ilikuwa bado haijatambulishwa kwa madabodi mpya. Nikachukua sidii iliyokuja na ubao, nikaweka draiva ya sauti, nikazima, nikawasha.

Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha kiti kikilia, kuku kwa mbali, na sauti ya bibi, nzito kidogo, ikisema jambo kwa Kiiraqw. Dada wa saluni alikuja akasimama mlangoni na kitana mkononi. Mwalimu alicheka, halafu machozi yakamtoka palepale akicheka. Nikamuuliza bibi anasema nini.

"Anauliza kama kuna mtu atakayesikiliza haya."

Nikazifungua kufuli rekodi zote, nikamnakilia kwenye sidii. Nilipomaliza nikamuuliza kama nirudishe kufuli. Alinieleza kwamba siku moja alifungua rekodi ile tuliyoisikia, akiwa ofisini, na walimu wenzake wakacheka jinsi bibi anavyoongea. Akaona haya, akazifunga zote jioni ileile.

"Acha wazi, fundi," akasema. "Aliuliza kama kuna atakayesikiliza, na mimi ndiye niliyemfungia."