Kadi Zilizoanguka

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nilimuua mtu kwa sindano ya kufumia sweta, na hakuna aliyenishika.

Miaka ya sabini nilikuwa karani kwenye shamba moja la katani karibu na Voi. Kila kibarua alikuwa na kadi yenye matundu ukingoni. Mwenye kifua kibovu, daktari alilikata tundu la kifua kwenye kadi yake hadi ukingoni, likabaki wazi. Ukiwatafuta, unapitisha sindano kwenye tundu hilo la kadi zote, unainua, unatikisa. Zilizokatwa zinaanguka, nzima zinabaki zikining'inia.

Mwaka mzima niliulizwa walio na hiki au kile, nami naokota zilizoanguka. Siku hiyo meneja akataka wasio na ubovu wa kifua, waende chumba cha brashi, nyuzi zinakosuguliwa, ambako vumbi la katani ni zito hata humwoni mwenzako. Zilizotakiwa ni zile za kwenye sindano. Mkono wangu ukafuata mazoea, nikaokota zilizoanguka!

Mwadime wa Mbololo alikuwemo. Alikuja dirishani, kofia mkononi, akikohoa.

"Karani, hebu angalia tena. Mimi daktari alinikata kadi."

Nilimcheka mbele ya wenzake. "Hata kusoma hujui, leo unifundishe kadi? Toka hapa."

Jamani, aliniaga kwa heshima kabla ya kuondoka!

Wiki ya pili, nikirudisha kadi sandukuni, niliiona ya Mwadime imekatwa. Nikaelewa papo hapo. Lakini ningesema ningefukuzwa, na nilipenda mno kuitwa bwana karani. Nikafunga sanduku nikaenda kunywa chai.

Alidumu miezi minne. Mwishoni alikuwa anatema damu kwenye kopo la maziwa, na mimi nikipita pale nageuza uso.

Mazishini, mkewe alinishika mikono yote miwili.

"Asante, bwana karani. Ulimtoa juani ukamweka kivulini."

Nami nikamwambia asijali. Ndiyo, nilimjibu hivyo! Nimezeeka sasa, na jibu hilo linaniamsha mpaka leo.

Wewe unayeshika orodha za watu, ukiulizwa wasio na kitu, usitoe walio nacho. Kabla hujapeleka majina, mwite hata mmoja umsikilize akikohoa.

Mimi nilimsikia, nikacheka.